Oldupai: Kijito Kikavu Chenye Majina Mengi

Kwa miezi mingi ya mwaka mtu huweza kukivuka kijito cha Oldupai bila kulowesha makubazi. Chini kuna mchanga, mawe meusi ya volkano na alama za kwato za mbuzi juu ya matope yaliyokauka. Pembeni vinasimama vichaka vya mkonge pori. Mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Mei, hali hubadilika kwa saa chache. Maji yenye rangi ya udongo huteremka kutoka upande wa maziwa ya magadi ya Ndutu na Masek, kwenye ukingo wa nyanda za Serengeti, yakaelekea mashariki kwa karibu kilomita 50, kisha yakatandaa na kupotea katika bonde la Olbalbal, chini ya milima ya Ngorongoro. Safari huishia hapo. Kijito hiki hakiingii katika mto mwingine wala hakifiki baharini.

Kwa macho ya mpita njia, huo ndio wasifu wake wote. Lakini ni vijito vichache sana duniani vilivyoandikwa vitabuni kama hiki, na jina lake limeandikwa kwa namna nne tofauti: Oldoway, Olduvai, Oldupai, na hivi karibuni Oldupa. Kila tahajia ina watu wake na miaka yake. Ukizifuata moja baada ya nyingine, na ukiyafuata pia majina ya makorongo madogo yanayoingia kijitoni kutoka pande zote mbili, unaipata historia ya zaidi ya karne moja: nani alipita hapa, alifuatana na nani, nani aliwekewa kumbukumbu na nani aliachwa nje ya ramani.

Jina lenyewe lilianzia kwenye mmea. Kwa Kimaasai, oldupai ni ule mkonge pori wenye majani manene yaliyochongoka kama mikuki, unaoota kwa vikundi kwenye miteremko mikavu ambako mimea mingine hushindwa. Wafugaji hupata humo nyuzi za kusokotea kamba, na utomvu wake ni dawa ya vidonda. Mchungaji aliyesema anapeleka ng'ombe Oldupai alieleweka mara moja: ni kule kwenye bonde la mkonge pori.

Majina ya jirani yana tabia hiyohiyo. Vilima vya mawe meupe vilivyo kaskazini mwa kijito vinaitwa Naibor Soit, yaani mawe meupe. Volkano iliyo hai upande wa kaskazini mashariki ni Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu. Kusini, mahali palipokuja kujulikana duniani kwa nyayo za kale, ni Laetoli, na jina hilo limetokana na ua jekundu linalochanua huko. Wamaasai walifika nyanda hizi karne chache zilizopita, wakawakuta Wadatoga, ambao makaburi ya wazee wao bado yanaheshimiwa katika kreta ya Ngorongoro. Walipaita mahali kwa yale wanayoyaona na kuyatumia: jiwe, ua, mmea. Jina la aina hiyo ni ramani inayobebwa kichwani, na mtoto wa miaka saba anaweza kuisoma.

Mwaka 1911 alifika hapo daktari Mjerumani kutoka Munich, Wilhelm Kattwinkel. Tanganyika wakati huo ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Husimuliwa sana kwamba alikuwa akimfukuza kipepeo hata nusura atumbukie gengeni. Wasimulizi huipenda hadithi hiyo na kila mmoja huiongezea chumvi yake. Lililo na uhakika ni kwamba alishuka chini, akaokota mifupa iliyogeuka mawe, na kuipeleka Berlin. Miongoni mwake kulikuwa na masalia ya Hipparion, farasi wa kale mwenye vidole vitatu, aliyekwisha kutoweka duniani.

Na alirudi na jina. Aliuliza mahali pale panaitwaje, wenyeji wakamjibu oldupai, yeye akaandika Oldoway. Katika Kijerumani herufi w husomeka kama v ya Kiswahili, kwa hiyo Mjerumani aliyelisoma jina hilo alitamka kitu kinachokaribia "Oldovai". Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walilichukua jina kutoka kwenye karatasi za Wajerumani badala ya kulichukua kinywani mwa wachungaji, wakaandika Olduvai. Herufi moja, p, ilikuwa imepotea njiani, na ilichukua miongo mingi kabla ya kurudi.

Berlin ilimtuma mwanajiolojia Hans Reck mwaka 1913. Alikaa miezi mitatu, na kazi aliyoifanya ndiyo msingi wa yote yaliyofuata, kwani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzisoma kuta za bonde kwa utaratibu. Aliyagawa matabaka na kuyapa namba kuanzia chini kwenda juu, Bed I hadi Bed V, na namba za chini zinatumika mpaka leo. Alifukua pia mifupa kamili ya mtu katika tabaka la pili, akaamini amempata binadamu wa zama za kale mno. Ubishi uliozuka Ulaya ulidumu karibu miaka 20, hadi ilipobainika kwamba marehemu alizikwa baadaye sana, kaburi lake likiwa limechimbwa ndani ya udongo wa zamani kuliko yeye.

Hapa inafaa kusimama kidogo na kukitazama kijito chenyewe, kwa sababu bila kazi yake hakuna hata mmoja kati ya wasomi hawa ambaye angekuwa na cha kusoma.

Takriban miaka milioni mbili iliyopita hapakuwa na bonde. Palikuwa na beseni pana, na katikati yake ziwa la maji ya chumvi na magadi, lililotanuka miaka ya mvua na kunywea miaka ya ukame. Upande wa mashariki zilisimama volkano za Ngorongoro na jirani zake, na chini ya miteremko yake zilitoka chemchemi za maji baridi. Wanyama walikuja kunywa, na viumbe wa jamii ya binadamu wakawafuata, wakapasua mawe na kuvunja mifupa ili wapate uboho. Volkano zikalipuka, majivu yakafunika. Ziwa likarudi, tope likafunika. Majivu tena. Kwa muda mrefu sana, kilichoangushwa kandokando ya maji hayo kilizikwa mahali kilipoangukia.

Baadaye ardhi ilipasuka. Sehemu ya mashariki ilididimia, na hiyo ndiyo Olbalbal. Maji yaliyokuwa yakipita taratibu juu ya uwanda sasa yalikuwa na mahali pa kuporomokea, na maji yanayoporomoka hukata. Msimu baada ya msimu kijito kilichimba chini, kikapita Bed IV, kikapita Bed III yenye wekundu wa matofali unaoonekana kutoka mbali, kikapita Bed II na Bed I, mpaka mahali pengine kikagonga jiwe jeusi la lava lililo chini ya yote. Kina chake kinafika kama mita 90. Mtu anayeshuka kutoka ukingoni hadi mchangani anapita mbele ya miaka karibu milioni mbili kwa mwendo wa dakika chache.

Kijito kina mkono wa pili. Kutoka kusini magharibi, upande wa mlima Lemagrut, linakuja bonde dogo ambalo wataalamu huliita korongo la pembeni, nalo linakutana na bonde kuu kilomita chache kabla ya Olbalbal. Karibu na makutano hayo ndipo ilipo makumbusho ya sasa. Na pembeni mwa mabonde yote mawili maji ya mvua yamechimba mifereji mingi midogo, mingine ya kuruka kwa hatua moja, mingine mirefu ya kumfunika mtu aliyesimama. Kila mvua kubwa hubomoa kidogo ukuta wa mfereji na kufichua jino hapa, ubavu kule. Mvua hiyohiyo, asipotokea mtu wa kuona kwa wakati, hukibeba kilichofichuliwa na kukisaga. Ndiyo maana watafiti hutembea kwenye miteremko ileile kila mwaka, macho chini.

Louis Leakey aliifikia Oldupai Septemba 1931. Alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, mtoto wa wamisionari, na Kikuyu alikizungumza kama lugha ya nyumbani. Alikuwa amemtembelea Reck Berlin, ameyaona mawe ya Oldoway, na amekataa kuamini kwamba mahali palipojaa mifupa namna ile hapana zana za mawe. Akamwalika Reck waende pamoja. Wakawekeana dau la pauni kumi: Leakey alisema atapata zana ndani ya saa 24, Reck akasema haiwezekani. Leakey alishinda. Reck alikuwa hakuziona kwa sababu alitafuta zana za gumegume, jiwe la Ulaya, ilhali mafundi wa hapa walitumia lava na mawe meupe ya Naibor Soit.

Katika miaka hiyo ya 1930 shida kubwa ya kambi ilikuwa maji. Hilo lisipokumbukwa mtu huenda akadhani watafiti walipiga hema kandokando ya mto. Maji yalifuatwa mbali, na yalipokwisha watu walikunywa kilichopo. Mary Leakey, aliyekuja kuwa mke wa Louis, aliandika baadaye juu ya msimu wa 1935, walipobaki na dimbwi ambalo faru walikuwa wamegaragara na kukojoa humo. Chai na supu vyote vilibeba harufu hiyo. Walisoma historia ya ziwa zima lililokauka huku wakipima maji kwa kikombe.

Ni katika misimu hiyo makorongo yalipoanza kupewa majina. Kazi ilihitaji njia ya kutofautisha mfereji mmoja na mwingine, maana jino lisilo na anwani halimsaidii mwanajiolojia hata kidogo. Leakey alichukua neno ambalo kila mtu kambini alilijua, korongo, akaliunganisha na jina la mtu, kisha akafupisha kwa herufi. Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyoingia katika fasihi ya sayansi ya binadamu wa kale na kubaki humo. FLK, MNK, DK, BK, SHK, TK, JK: herufi hizi zimetajwa katika maelfu ya kurasa, kutoka Cambridge hadi Tokyo, na K ya mwisho ni korongo. Mwanafunzi wa Berkeley anayeandika "FLK" anaandika neno la Kiswahili, ajue asijue. Shule zetu zingefanya vyema kuwaambia watoto jambo hili wanapofika kwenye somo la fuvu maarufu la Zinjanthropus, kwa sababu vitabu vingi huzitaja herufi na kupita bila kuzifungua.

Zikifunguliwa, hutoka watu.

FLK ni Frida Leakey Korongo. Frida, mke wa kwanza wa Louis, alifika Oldupai mwaka 1931 na korongo hilo, lililo karibu na makutano ya mabonde mawili, likapewa jina lake. Jirani yake kuna HWK, Henrietta Wilfrida Korongo, na Henrietta Wilfrida ndiyo majina ya Frida kwa ukamilifu. Mwanamke mmoja, makorongo mawili. Mwaka 1935 akaja msichana mchoraji na mwanaakiolojia, Mary Nicol. Katika bonde la pembeni aliokota vipande vya fuvu la binadamu, na mahali hapo pakaitwa MNK, Mary Nicol Korongo. Mwaka uliofuata Louis na Frida walitengana kisheria na Louis akamwoa Mary. Majina hayakuguswa. Ramani ya kijito imehifadhi wake wawili wa mtu mmoja, mmoja kwa jina la ndoa na mwingine kwa jina la usichana, na mtu akizijua tarehe hizo tu anaweza kutaja kila korongo lilipewa jina lini.

DK ni la Douglas, ndugu yake Louis. BK ni korongo la Bell, SHK la Sam Howard, WK la Wayland, yule mwanajiolojia aliyeongoza idara ya upimaji wa miamba Uganda. Reck naye hakusahaulika: kuna EF-HR, ambamo jina lake limeunganishwa na la Fuchs, kijana Mwingereza wa msafara wa 1931 aliyekuja kujulikana baadaye kwa kuvuka bara la Antaktika. Orodha hii ndefu ni ya jamaa, wageni, wafadhili na marafiki wa kambi moja.

Wafanyakazi Waafrika wamo wachache. TK ni Thiongo Korongo, na JK ni Juma's Korongo, majina ya watu wa msafara. Wawili hawa wanastahili kutajwa kila mara herufi zao zinapotajwa, kwa sababu wenzao wengi hawakupata hata mtaro. Misafara ya kwanza ilibebwa na Wakikuyu waliotoka Kenya na Louis. Kuanzia miaka ya 1960 Wakamba walikuwa wengi, na kati yao wakatoka baadhi ya watafutaji hodari wa visukuku waliopata kuishi. Kamoya Kimeu alianzia kazi hapa. Oktoba 1968 Peter Nzube aliona fuvu katika DK Mashariki, limebanwa na uzito wa udongo hadi likawa bapa. Katika orodha ya kitaalamu ya visukuku ni OH 24. Kambi ililipa lakabu ya Twiggy, mwanamitindo wa Uingereza aliyesifika wakati huo kwa wembamba. Jina la mrembo wa London likashika. La Nzube hulipati mpaka ufungue kitabu cha orodha ya visukuku. Mary aliandika kwa uaminifu nani alipata nini, na shukrani kwake kumbukumbu hiyo ipo. Lakini kumbukumbu iliyomo kwenye jedwali haina nguvu ya jina lililo kwenye ramani.

Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa kitandani kambini, ana homa. Mary alitoka na mbwa wake akaenda FLK. Mvua zilikuwa zimebomoa mteremko, na mfupa ulikuwa umechomoza. Alipopangusa udongo aliona meno makubwa mawili yamekaa bado katika taya. Lilikuwa fuvu la kiumbe mwenye magego mapana kuliko ya mtu yeyote wa leo, na lilihitaji siku nyingi za kuchekecha kifusi mpaka vipande vyake vikapatikana. Mwezi uliofuata walilibeba hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, ambako wataalamu wa historia ya kale ya Afrika walikuwa wanakutana, wakalionyesha hapo kwa mara ya kwanza.

Louis alilipa jina Zinjanthropus boisei. Boisei ni heshima kwa Charles Boise, mfadhili wao. Sehemu ya kwanza inatuhusu zaidi: Zinj, au Zanj, ni jina ambalo wanajiografia Waarabu wa karne za kati waliipa pwani yetu na watu wake, jina hilohilo lililoizaa Zanzibar. Hivyo fuvu lililochimbwa nyikani, mbali na mawimbi, likapewa jina la pwani ya wavuvi na majahazi. Baadaye wataalamu waliliweka katika jenasi nyingine na leo huitwa Paranthropus boisei, ila Watanzania wameendelea kuliita Zinjanthropus, na jiwe la kumbukumbu limewekwa mahali lilipookotwa. Fuvu lenyewe lilirejeshwa nchini mwaka 1965, nalo ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Kisha mambo yakaja kwa kasi. Mwaka 1960, katika sehemu ya korongo la Frida inayoitwa FLK North-North, mtoto wao Jonathan alipata taya na mifupa ya kiumbe mwenye ubongo mkubwa zaidi. Mwaka 1964 akapewa jina Homo habilis, mtu stadi. Mwaka 1961 majivu ya Bed I yalipimwa umri kwa kutumia potasiamu na agoni, matokeo yakawa miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makadirio ambayo Leakey mwenyewe alikuwa ameyatoa. Katika DK yalifukuliwa mawe ya lava yaliyopangika kama duara. Mary aliyaona kuwa msingi wa kibanda, wengine wakayaona kuwa kazi ya mizizi na mmomonyoko, na mjadala haujafungwa.

Wakati huo jina lililokosewa lilikuwa limeanza safari zake lenyewe. Leakey alizipa zana za mawe za kale kabisa za hapa jina la Oldowan, akilitoa katika ile Oldoway ya Wajerumani. Leo zana za aina hiyo zilizopatikana Gona, Ethiopia, zenye umri wa miaka milioni 2.6, zinaitwa Oldowan. Za Ain Hanech, Algeria, ni Oldowan pia. Fundi wa Gona aliyepasua jiwe lake zaidi ya nusu milioni ya miaka kabla ya majivu ya Bed I kuanguka anaitwa kwa jina la mkonge pori wa Ngorongoro, kwa matamshi ya daktari wa Munich.

Lava iliyo chini ya kijito ililipeleka jina mbali zaidi. Mwamba wa volkano unapopoa huhifadhi ndani yake mwelekeo wa sumaku ya dunia kwa wakati ule. Mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay walionyesha kwamba lava ya Oldupai ilipoa katika kipindi ambacho dira ingeelekea kaskazini kama leo, ilhali kabla na baada yake, kwa muda mrefu, dira ingeelekea kusini. Kipindi hicho, kati ya takriban miaka milioni 1.95 na 1.78 iliyopita, kikaitwa Olduvai. Tangu hapo wanasayansi wanaotoboa matope ya sakafu ya bahari, Atlantiki au Pasifiki, hukitafuta kama alama ya kupimia umri wa matabaka. Maji ya kijito hayajawahi kufika baharini. Jina lake limo katika matope ya bahari zote.

Hay mwenyewe, Mmarekani mpole aliyekuja msimu baada ya msimu, anahitaji neno lake hapa. Kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya jiolojia ya Oldupai kilifuata kila tabaka la majivu kutoka korongo hadi korongo, na baada ya hapo ikawezekana kusema kwa uhakika kwamba kisukuku cha DK ni kikubwa kwa umri kuliko cha BK. Kabla ya ramani yake, herufi zile zilikuwa anwani tu. Baada yake zikawa kalenda.

Watanzania nao waliingia katika kazi hii wakiwa watafiti. Mwaka 1973 Amini Mturi, mwanaakiolojia wa Idara ya Mambo ya Kale, alifukua kwenye ufuko wa Ziwa Ndutu fuvu la binadamu wa kale ambalo limekaa katikati ya Homo erectus na sisi. Palikuwa kwenye chanzo kabisa cha kijito, mahali ambapo wengine walipita wakienda kwenye makorongo mashuhuri. Louis alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mary alibaki kambini Oldupai hadi miaka ya mwanzo ya 1980. Baada yake miradi mipya ilianza ikiwa na uongozi wa pamoja wa Watanzania na wageni: Fidelis Masao akifanya kazi na Robert Blumenschine, na baadaye Audax Mabulla akiwa na wenzake wa Hispania.

Wanasayansi hawa wapya waliyakuta makorongo mengine bado hayana majina, nao wakaendeleza desturi ya zamani. Moja likaitwa PTK, Phillip Tobias Korongo, kwa heshima ya yule profesa wa Johannesburg aliyelichambua fuvu la Zinj. Humo ulitoka mfupa wa kidole wenye umri wa miaka milioni 1.84 uliotangazwa mwaka 2015. Jingine likaitwa AMK, Amini Mturi Korongo. Ni jambo la haki, na lilichukua muda mrefu kutendeka: mtaalamu wa Kitanzania ameingia katika orodha ya herufi, ubavuni mwa Bell na Wayland.

Na jina kubwa? Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Oldupai imekuwa ikichukua nafasi yake kwenye mabango na katika machapisho ya Tanzania, ingawa majarida ya nje bado hung'ang'ania Olduvai, kwa kuwa maelfu ya makala ya nyuma yameandikwa hivyo. Makumbusho mpya ilifunguliwa mwaka 2017 kwenye ukingo wa bonde, na mwaka 2019 mafuvu mawili makubwa ya sanamu, la Zinjanthropus na la Homo habilis, yalisimikwa kwenye njia panda ya kuingilia. Waongozaji huwaonyesha wageni mkonge pori wenyewe na kuwaeleza asili ya jina. Mvua bado zinanyesha na makorongo bado yanatoa: Machi 2025 ilitangazwa kwamba FLK Magharibi, ndani ya korongo lilelile la Frida, zimepatikana zana 27 zilizochongwa kwa mifupa ya wanyama wakubwa, zenye umri wa miaka milioni 1.5.

Tangazo jingine, la mwaka 2021, lina uzito wa pekee katika historia hii ya majina. Timu ya Julio Mercader wa Chuo Kikuu cha Calgary na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Pastory Bushozi, ilieleza kuhusu eneo jipya upande wa magharibi wa bonde, lenye zana za mawe za miaka milioni mbili hivi. Halikupewa jina la mke, ndugu, mfadhili wala profesa. Linaitwa Ewass Oldupa, maneno ya Kimaasai yenye maana ya njia ya kwenda bondeni, kwa kuwa ndiyo njia ambayo watu na mifugo hushukia. Matabaka yake yanaonyesha kwamba kwa zaidi ya miaka 200,000 watengenezaji wa zana walirudi hapo tena na tena, na kila waliporudi walikuta nchi nyingine: mbuga za kangaga zenye unyevu, misitu iliyochanganyika na nyasi, ardhi iliyoungua kwa moto wa asili, minazi pori kando ya ziwa, na nyika kavu yenye ukame mkali.